Wosia wa Shimo Lililo Nyuma ya Jiko

Mwanangu mpendwa,

Hati ya kiwanja, risiti za kodi ya ardhi na majina ya wasimamizi wa mirathi nimeyaacha kwa baba yako mdogo, naye ni mtu wa kuaminika. Mambo hayo yana wenyewe na yana mahakama. Ninalokuandikia leo halimo katika mirathi, na hakuna ndugu yako atakayekuja na wakili kuligombania. Nakuusia juu ya shimo la majitaka lililo nyuma ya jiko, lile lenye vifuniko viwili vya zege ambavyo marehemu mama yako alipenda kuegesha ndoo zake juu yake. Najua nyumba utaipaka rangi bila kuambiwa, maana rangi inaonekana na wageni huisifu, ila shimo halisifiwi na mtu. Ndiyo maana naogopa, kwa sababu nakujua, mwanangu: u mwepesi wa kazi zinazoonekana. Si wewe peke yako. Vijana wote ndivyo walivyo, na wazee wengi vilevile.

Kama umecheka, maliza kucheka kisha uendelee kusoma. Nimefika umri ambao mtu hatafuti tena maneno mazuri, na daktari naye ameacha kuniambia nirudi baada ya miezi sita. Siku hizi ananiambia nirudi nikijisikia vibaya. Mapenzi yangu kwako huna haja ya kuyatafuta humu, hayo unayajua tangu hujaanza kutembea. Humu tafuta kazi.

Kwanza lijue shimo lenyewe, kwa kuwa hapa kwetu Tabata watu huita kila kitu shimo, wakati uani kwetu yapo mawili na kazi zake ni mbili. La kwanza, la mstatili, ndilo tangi la septiki. Kuta zake ni za tofali za saruji, ndani limepigwa plasta na niru lisivuje, na ukuta wa kati umeligawa sehemu mbili, ya kwanza ikiwa kubwa, kama theluthi mbili za urefu wote. Maji ya chooni na bafuni huingia humo kwa bomba la inchi 4, yakapata nafasi ya kutulia. Kilicho kizito huzama kikawa tope, mafuta na povu huelea yakafanya ukoko, na katikati hubaki maji yaliyopungua uchafu, na hayo peke yake ndiyo yenye ruhusa ya kwenda mbele. Kwenye mdomo wa bomba la kuingilia na lile la kutokea kuna kiungo chenye umbo la herufi T, kinachoshuka chini ya ukoko ili maji yachukuliwe katikati, si juu wala chini. Fundi akija kukwambia kiungo hicho ni urembo tu na kinaweza kuondolewa, mpe nauli yake muagane.

Humo gizani, pasipo hewa, vijidudu visivyoonekana kwa macho hula uchafu usiku na mchana, na vikiachwa kwa amani huupunguza kwa sehemu kubwa. Kisha maji huhamia shimo la pili, lile la mviringo lililojengwa kwa tofali zenye nafasi kati yake na kujazwa mawe, na kutoka hapo hunyweshwa ardhini. Watu wengi hudhani maji yakishapotea kazi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu udongo ndio unaochuja yale ambayo tangi halikuweza, na udongo una kipimo chake kama viumbe wengine wa Mungu. Mchanga wa pwani hupitisha maji kwa haraka, mwamba wa matumbawe wa Unguja na Kilwa kwa haraka zaidi kupitia nyufa zake, na mfinyanzi karibu hukataa kabisa. Kwetu sisi mchanga uko juu na mfinyanzi uko chini, kwa hiyo wakati wa masika shimo hunywa polepole, nalo halina kosa.

Si kitu cha juzi hiki. Mfaransa Jean-Louis Mouras, wa mji wa Vesoul, alipata hataza ya tangi la namna hii mwaka 1881, na huko Uingereza Donald Cameron akajenga la mji wa Exeter mwaka 1895. Tangu hapo wahandisi wamelibadilisha umbo, wamelitengeneza kwa plastiki, wamelitia kuta na vichujio, lakini hakuna hata mmoja aliyetengeneza tangi lisilojaa. Lishike hilo moja kabla ya mengine yote, maana atakuja mtu na chupa au pakiti ya unga, atakwambia ukimimina humo hutaita gari la majitaka maisha yako yote. Vijidudu vinavyohitajika vimo tayari katika kinyesi chenyewe, havinunuliwi dukani. Na mchanga unaoingia na maji ya kuoshea miguu, na mabaki ambayo vijidudu haviwezi kuyala, hayayeyushwi na unga wa mtu yeyote.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujaa bila kutoa sauti. Familia ya kawaida, yenye tangi la kiasi kama letu, huhitaji kulivuta kila baada ya miaka 3 hadi 5, lakini usiishike hesabu hiyo kama aya. Ukipangisha vyumba vya uani, watu wakawa kumi badala ya watano, miaka itapungua. Ndiyo maana nakusihi upime mara moja kila mwaka, kama dereva apimavyo oili ya injini, naye hangoji gari lizime njiani. Chukua mti mrefu ulionyooka, uufunge taulo kuukuu jeupe kuanzia chini hadi usawa wa kifua. Fungua kifuniko cha sehemu ya kwanza, simama upande unakotoka upepo, uteremshe mti taratibu mpaka uguse sakafu, uuache kitambo, kisha uupandishe bila haraka. Palipochafuka kwa weusi mzito ndipo tope lilipofikia, na palipolowa tu ni maji. Tope likifika theluthi ya kina, muda umefika, usingoje nusu. Ni kazi ya dakika chache, ina harufu, inataka glovu na sabuni baadaye, na kijana msomi huona haya kuonwa na majirani akiifanya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Utaniuliza, kwa nini nisisubiri dalili? Dalili zipo, mwanangu. Choo huanza kugugumia ukivuta maji, bafu huchelewa kukauka, chemba ya karibu na jiko hutoa harufu usiku, na nyasi zilizo juu ya shimo la pili huwa kijani kibichi katikati ya kiangazi. Lakini hizo ni dalili za mgonjwa aliyekwisha kulala kitandani. Tope likikosa nafasi katika tangi husukumwa kwenda shimo la pili, likaziba vile vitundu vidogo vya udongo vinavyonyonya maji. Hapo ndipo hasara ilipo, na ndipo ninapotaka usome mara mbili. Tangi lililojaa huvutwa kwa siku moja likarudi kazini, ila udongo ulioziba hauvutwi na gari lolote. Itakubidi uchimbe shimo jipya, na katika kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba, jiko, vyumba vya uani na ukuta wa jirani kila upande, niambie utachimba wapi. Nimewaona watu wenye nyumba za vigae wakichimba mbele ya sebule yao kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, na wote walikuwa wameahirisha uvutaji wa mara moja tu, kwa sababu ya ada ya shule au harusi. Ada na harusi ni mambo ya haki, na hukumu yangu kwao si kali, ila tope halijui harusi.

Kwa hiyo, kila upokeapo kodi ya wapangaji, toa kidogo ukiweke kando, usikihesabu kuwa ni chako. Na ile njia ya pembeni, kati ya ukuta wa nyumba na uzio, ambayo dada yako ananishauri nijenge chumba kimoja cha kupangisha, iache wazi. Bomba la gari la majitaka hupita hapo. Mtaani kwetu zimo nyumba ambazo gari haliwezi tena kuzifikia kwa sababu mwenye nyumba aliona nafasi tupu akaona hasara, akaijenga, na sasa anatafuta watu wa kuchota kwa ndoo. Kodi ya chumba kimoja ni tamu, sikatai. Lakini nakukataza, na katika wosia huu wote ni machache ninayokukataza waziwazi.

Gari likija, kaa hapo hapo mpaka limalize, usiende kazini ukamwachia binti wa kazi. Hakikisha wanavuta tope la chini, wasichukue maji ya juu tu wakaondoka na fedha yako. Muulize dereva anakwenda kumwaga wapi, naye anatakiwa akutajie mabwawa ya majitaka, na kwa upande wetu huu ni yale ya Vingunguti. Wakiisha kuvuta, wasiingie kusugua kuta kwa dawa, maana mtaua vijidudu mnavyovihitaji kesho. Rudishia maji kiasi ndani ya tangi, hasa ukiwa umevuta karibu na mvua, wakati maji ya ardhini yamepanda na kulisukuma tangi tupu kutoka nje.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mvua kubwa zikinyesha usiku, utasikia milango ya nyuma ikifunguliwa mtaani, na asubuhi mfereji utakuwa na rangi na harufu unayoijua. Watu wametapisha vyoo. Wametoboa shimo, au wameweka pampu, wakaacha mvua ibebe mpaka bondeni Msimbazi, ambako kuna wanaolima mchicha tutakaoununua Ijumaa. Jirani yetu mmoja, ambaye sitamtaja, alifanya hivyo miaka nenda rudi na kila mara alinisalimia asubuhi kwa heshima zote. Nilimwendea mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili na mjumbe. Usije ukatoka wewe kwenye nyumba hii ukaifanya kazi hiyo ya usiku, hata kama mtaa mzima unaifanya, hata kama umeishiwa na watoto hawana choo. Mayai ya minyoo hukaa hai katika tope miezi mingi, na kipindupindu hakiulizi shimo lilikuwa la nani. Mwaka 2015, mwezi wa Agosti, kilianzia hapa hapa Dar es Salaam kabla ya kusambaa mikoani, nawe ulikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka tulivyoacha kupeana mikono misibani.

Wala si habari ya zama zetu tu. Daktari James Christie alikuwako Unguja kipindupindu cha 1869 na 1870 kilipoingia, akaandika kitabu juu ya jinsi ugonjwa ulivyosafiri na misafara na majahazi ya nchi zetu. Na huko London mwaka 1854, zaidi ya watu 600 walikufa katika mitaa michache iliyozunguka kisima cha Broad Street. Daktari John Snow alionyesha kuwa chanzo ni kisima hicho, na walipokuja kufukua, wakakuta shimo la majitaka la nyumba ya jirani limeoza tofali zake na linavujia kisimani. Nyumba hiyo ilikuwa na mtoto mchanga aliyeharisha, na mama yake alikuwa amemwaga humo maji ya kulowekea nepi. Mama huyo hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na shimo bovu ambalo hakuna aliyelikagua, basi.

Wataalamu husema kati ya shimo la majitaka na kisima pawe na angalau mita 30. Kiwanja chetu nimekwisha kukutajia ukubwa wake, kwa hiyo hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu ataiweza: kisima hakiwezekani uani kwetu. Maji ya bomba yakikatika wiki nzima, shetani atakujia na bei nzuri ya kuchimba. Nunua tenki la pili, usichimbe. Na jirani akitaka kuchimba upande wake, mwonyeshe shimo letu lilipo, mpime pamoja kwa kamba, hata kama hakukuuliza.

Yanayoingia ndani ya choo nayo yana adabu zake. Sisi tunaotumia maji kujisafisha tumebarikiwa, kwani maji hayazibi. Wageni wa siku hizi huja na zile tishu zenye unyevu, ambazo pakiti yake inasema zinatupwa chooni, nazo nyingi hazimeng'enyeki. Mwaka mzima utazikuta zimelala kwenye ukoko vilevile zilivyoingia. Weka ndoo yenye mfuniko katika kila choo, kwa ajili ya pedi, nepi, nywele na hizo tishu. Usimgombeze binti wa kazi kwa kutupa pedi chooni ikiwa hujampa pa kuitupa. Mafuta yaliyokaangiwa samaki yasimwagwe kwenye sinki. Yaache yapoe, uyafunge kwenye mfuko, uyatupe na taka. Jiki ya kuoshea choo si dhambi, ila anayemimina chupa nzima kila Jumamosi anaua vijidudu vinavyomtumikia. Na mabaki ya rangi, mafuta ya taa, oili ya bodaboda, dawa zilizopitwa na wakati, hayo yasifike huko kabisa.

Mengine nayapitia haraka. Maji ya mvua ya paa yaelekee mferejini, yasiingie shimoni. Miti mikubwa isipandwe karibu, mizizi hufuata unyevu ikapasua ukuta. Migomba miwili iliyopo inatosha. Lori la mchanga lisisimame juu ya vifuniko. Ufa ukiuona kwenye zege, zibe wiki hiyo hiyo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta, na kifuniko cha shimo kikivunjika kuna mtoto anayecheza juu yake.

Na hili nalo, mwanangu, ulishike hata ukisahau yote. Usiingie ndani ya tangi. Hata likiwa tupu, hata kama simu yako imetumbukia, hata fundi akisema yeye huingia kila siku. Mna hewa ya sumu yenye harufu ya yai viza, na ubaya wake ni kwamba ikizidi huua pua kwanza, usisikie harufu tena ukadhani pamekuwa salama. Mna gesi inayoshika moto, kwa hiyo usichungulie na kiberiti wala sigara. Umesoma magazetini jinsi inavyokwenda: mmoja anaingia, anaanguka, ndugu yake anaruka kumwokoa, wa tatu anamfuata, na nyumba moja inatoa majeneza matatu. Mtu akianguka humo, piga kelele, waite zimamoto, mvute kwa kamba kama alifungwa kamba, lakini usimfuate. Najua moyo wako utakataa. Ningekuwa mimi niliyeanguka, ningetaka uniache.

Utachelewa mwaka mmoja, najua, labda miwili, maana maisha ya mjini hayana nafasi na wewe una watoto. Siku utakapochelewa usijifiche na usitapishe usiku kwa aibu, kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie jirani ukweli, kakope kwa baba yako mdogo, ita gari. Kuchelewa kunasameheka, na mimi nimekwisha kukusamehe kabla hujachelewa.

Mti wa kupimia nimeuegesha nyuma ya tenki la maji, glovu zimo ndani ya ndoo iliyo kando yake. Tarehe ya uvutaji wa mwisho nimeichora kwa msumari juu ya kifuniko cha kwanza, na zege lina nafasi ya kutosha kwa tarehe zako. Pima kabla masika hayajaanza mwezi Machi, na ukikuta tope limefika theluthi, piga simu siku hiyo hiyo.

Ni mimi baba yako.